Upepo wa shangingi lako umeandikwa mlangoni, si ubavuni mwa tairi

Bunge la bajeti likianza mwezi Aprili, magari makubwa huongezeka Dodoma, na sisi wakaguzi wa magari huanza kusikia lalamiko lile lile: "Afande, tairi jipya kabisa, hata miezi miwili halina, limepasuka." Baada ya hapo analaumiwa muuza tairi, inalaumiwa barabara, linalaumiwa jua la Dodoma. Upepo hautajwi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba upepo upo, fundi alijaza jana.

Upepo kuwepo si hoja. Tunachouliza ni kiasi gani, ulipimwa saa ngapi, na fundi alifuata namba ipi.

Namba inayotakiwa iko kwenye kibandiko. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Kwa baadhi ya magari ya Ujerumani, Mercedes-Benz kwa mfano, utakikuta ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Gari lililoagizwa Japani lina kibandiko cha Kijapani, na hapo watu hukata tamaa, ingawa namba zenyewe zinasomeka. Ukiona 230, hizo ni kPa, kizio cha mgandamizo wa hewa, sawa na 33 kwa kizio kingine kiitwacho psi. Pembeni yake mara nyingi kuna 2.3, ambayo ni upepo ule ule kwa kizio kingine tena. Kuna dereva alituambia 2.3 ni ukubwa wa injini. Hapana.

Sasa ile namba ya ubavuni mwa tairi. Hili tumelieleza barabarani, redioni na kwenye mafunzo ya madereva, na bado kila wiki tunakutana nalo. Palipoandikwa 44 au 51 psi, hicho ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kukivuka. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Aliyetengeneza gari anajua uzito wake, anajua mbele na nyuma vinabeba kiasi gani, na ndiyo sababu kibandiko kinaweza kukupa namba moja ya mbele na nyingine ya nyuma. Magari mengi ya kifahari ya Ulaya yana hata safu mbili: ya watu wawili bila mizigo, na ya gari lililojaa. Ukisafiri na familia na mabegi hadi kwenye dari, tumia safu ya pili.

Kanuni ya vijiweni kwamba "V8 ni arobaini" haina msingi. Tairi lililozidishwa upepo hukanyaga kwa katikati tu, hulika katikati, na breki ya ghafla huchukua umbali mrefu zaidi kabla gari halijasimama. Lililopungukiwa hulika kingo zote mbili na kuchemka.

Kosa jingine linaloharibu matairi mengi ni la kupima tairi likiwa la moto. Namba ya kibandiko ni ya tairi baridi, yaani gari limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita mbili hivi. Tairi likishakimbia barabara kuu, upepo wake hupanda psi 4 hadi 6, na mtengenezaji alishalijua hilo alipopanga namba.

Chukua dereva anayetoka Singida mchana. Asubuhi alianza na 33, sawasawa kabisa. Anafika Dodoma, anapita kwa fundi pancha, geji inasoma 38. Fundi anashtuka, dereva anashtuka, valvu inabonyezwa, psss, mpaka 33. Wote wawili wanaridhika. Kesho yake alfajiri, kwenye baridi, lile tairi lina 28 na gari linaelekea Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 450, limejaa watu, dereva anawahi kikao. Taa ya tairi kwenye dashibodi haiwaki, kwa sababu mifumo mingi husubiri upepo upungue kwa kiasi cha moja ya tano hadi robo ndipo ionye, na hapa upungufu ni kama asilimia 15. Kwa hiyo ubavu unakunjika na kukunjuka maelfu ya mara, joto linapanda, na mpira unaanza kuachana na nyuzi zake.

Tairi la namna hiyo likivuliwa kwenye rimu, halina haja ya maelezo marefu. Ukipitisha kiganja ndani, kinatoka na unga mweusi wa mpira uliosagika, kama pilipili manga. Ndani ya ubavu kuna mstari uliozunguka pande zote, umepauka, mahali lilipokuwa linakunjika. Nje tairi bado lina vijinywele vya upya. Mwenye gari akioneshwa unga ule, kwa kawaida ananyamaza kwanza.

Tunaulizwa pia kuhusu mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Dar es Salaam iko pwani, na kuna wanaoshauri upepo upunguzwe unaposhuka. Geji hulinganisha mgandamizo wa ndani ya tairi na wa hewa ya nje. Dar es Salaam hewa ya nje ni nzito zaidi, kwa hiyo tairi lile lile, kwa joto lile lile, litasoma pungufu kwa takriban psi 2. Lakini pwani ni joto, na kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi huongeza karibu psi 1. Kutoka asubuhi ya nyuzi 16 hapa hadi mchana wa nyuzi 32 kule unaongeza kama 3. Ukijumlisha na kutoa, umebaki karibu pale pale. Usiguse chochote njiani. Pima asubuhi inayofuata, kabla hujawasha gari. Tahadhari hiyo hiyo ichukuliwe hapa kwetu Juni na Julai, maana upepo uliopangwa kwenye joto la Novemba utakuwa umeshuka.

Kuhusu rimu kubwa na matairi ya ubavu mfupi: ukibadilisha saizi, kibandiko kinaweza kisikufae tena. Tunashauri mwenye gari amwone wakala au fundi mwenye jedwali la uzito wa tairi husika. Makala hii haichukui nafasi ya kitabu cha gari.

Naitrojeni? Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78. Jaza ukipenda, lakini usiache kupima.

Sasa upande wa sheria, maana hapa ndipo maneno huwa mengi. Askari barabarani hatembei na geji mfukoni. Anachokiona ni matokeo: tairi kipara, ubavu uliovimba, nyuzi zinazochungulia. Hilo ni kosa la ubovu wa chombo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na gari kuwa la bei kubwa au kuwa na namba za STL, yaani za serikali, si utetezi. Kwa kosa linaloandikiwa faini ya papo kwa papo, kiwango ni shilingi 30,000. Askari ataingiza namba ya gari na kosa kwenye mashine, utapewa karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo, na utalipa benki au kwa simu. Askari hapokei fedha mkononi. Isipolipwa kwa muda uliowekwa, deni huongezeka, na linabaki kwenye namba ya gari hata dereva akibadilishwa, jambo ambalo wenye magari hulijua siku wanayotaka kuuza. Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kutolilipa papo kwa papo na kupelekwa mahakamani. Aseme hivyo kwa utulivu, hakuna haja ya kumpigia simu mtu yeyote mkubwa. Ajali ikiwa imesababisha majeruhi au kifo, faini ya papo kwa papo haihusiki tena. Gari litakaguliwa, hali ya kila tairi itaandikwa kwenye ripoti ya mkaguzi, na ripoti hiyo itasomwa na mahakama na kampuni ya bima. Hatuwezi kuibadilisha baadaye kwa sababu mwenye gari ni muungwana.

Na mkipima, pimeni matairi matano. Majuzi dereva mmoja wa gari la ofisi alituhakikishia kila kitu kiko sawa, tukamwomba ashushe la akiba lililofungwa chini ya gari. Lilikuwa jipya, halijawahi kugusa lami, limejaa vumbi. Geji ikasoma 11.