Ukija Mombasa, soma kuta kwanza

Wageni wanaokuja Mombasa huniuliza makumbusho yako wapi, wakitarajia nyumba moja yenye makabati ya vioo na maelezo ukutani. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, kwa hiyo jibu langu lina upendeleo: vya kwenye makabati ni vizuri, lakini mji huu umeandikwa kwenye kuta zake.

Anza na Fort Jesus, asubuhi mapema, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika na jua halijawa la utosi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Usikimbilie ndani. Tazama kwanza handaki na sehemu ya chini ya ukuta. Pale hapakujengwa, pamechongwa. Ngome imekalia mwamba wa matumbawe, na mafundi waliukata mwamba huo huo ukawapa handaki na msingi kwa mkupuo mmoja. Mawe ya kupanga yanaanzia juu yake. Ukisogea karibu utaona mabaki ya matumbawe yenyewe, yenye vishimo na mikunjo, na huko juu utaona chokaa ikiunganisha jiwe na jiwe.

Kisha inua macho juu ya lango. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, na wengi hulipita. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa Jerónimo, alimuua kapteni wa Kireno akaitwaa ngome. Wareno waliporudi waliikuta tupu. Jiwe hilo ni la kapteni aliyefuata baadaye, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa cheo hicho 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu kwamba ameijenga upya ngome, na kwamba amewaadhibu watu wa Pate, Siyu na Pemba. Yaani hata mshindi alihitaji kujitetea kwa mawe. Kama una dakika kumi tu Mombasa nzima, zitumie hapo.

Ndani kuna kipande cha lipu nisichochoka kukitazama. Askari na mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, makanisa, watu. Si kazi ya msanii, ni ya watu waliochoka kungoja. Angalia meli zilivyochorwa kwa makini, kamba kwa kamba, kuliko nyuso za watu. Aliyezichora alijua kuzipandisha tanga.

Hapo ndipo vitu vilivyotoka kwenye meli ya Kireno, Santo António de Tanná, vinapoeleweka. Jeshi la Oman liliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Meli hiyo ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome 1697. Wapigambizi waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vilivyopatikana vimo kwenye ukumbi wa maonyesho. Mbao za meli yenyewe zimeachwa baharini. Halafu Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Ukitoka, usipande tuktuk. Mji wa Kale uko mlangoni. Watu huangalia milango ya nakshi na roshani, na ni haki yao, lakini mimi huwaambia waulize kwa nini vyumba ni vyembamba hivi. Jibu liko darini: boriti za mikoko. Boriti nzuri huvuka karibu mita mbili na nusu, tatu kwa shida, basi chumba hakiwezi kuzidi hapo upana. Kinaweza kurefuka upendavyo, kupanuka hakiwezi. Msitu wa mikoko ndio uliopima nyumba za Waswahili.

Na uangalie lipu zinazobambuka. Mara nyingi ni saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na lipu hung'oka pamoja na uso wa jiwe. Wenye nyumba huiona saruji kuwa imara zaidi, nami sichoki kubishana nao.

Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulianzishwa 1570, utauona kwa mnara wake mnene. Ni msikiti unaosaliwa, si kivutio. Toa salamu, omba ruhusa kabla ya kuchukua picha, na ukiambiwa hapana, ni hapana. Wazee wa barazani ukiwaamkia vizuri watakuonyesha mengi kuliko mwongozaji wa kulipwa. Mnara wa Mbaraki, nguzo ya kale ya matumbawe upande wa pili wa kisiwa, unastahili nusu saa. Yale matao ya pembe bandia za ndovu ya Moi Avenue? Piga picha upite.

Ukibakiwa na siku nyingine, nenda kwenye magofu ya mji wa Jumba la Mtwana, mbele kidogo ya Mtwapa. Jumba ulikuwa mji hai karne ya 14 na kuhamwa karne iliyofuata. Zimebaki nyumba na misikiti minne, mmoja ukingoni kabisa mwa bahari. Paa hakuna, na hiyo ndiyo faida yake: matundu ya boriti yako wazi ukutani, na unaweza kuupima kwa hatua upana ule ule uliouona Mji wa Kale. Panda matatu ya Mtwapa, umalizie kwa bodaboda, na uvae viatu vya kufunga.