Malangali: Shule ya Mila Katika Elimu ya Kikoloni

Shule ya Malangali, iliyoko wilayani Mufindi mkoani Iringa, ilifunguliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1928 kwa majaribio, na jaribio lenyewe linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa linaonyesha waziwazi watawala walitaka elimu imfikishe Mwafrika wapi.

Kabla yake, elimu ya darasani katika Nyanda za Juu Kusini ilikuwa zaidi kazi ya misheni: Wamoravian na Walutheri wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891, kisha Wabenedikto waliojenga Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri kwamba masomo ya Mwafrika yafuatane na maisha ya kijijini kwake, na mwaka uliofuata aliwasili Gavana Donald Cameron, ambaye alitaka kutawala kwa kupitia machifu.

Mkuu wa shule ya Malangali, W. B. Mumford, aliyaunganisha mawazo hayo mawili. Wanafunzi walivaa mavazi ya jadi, walicheza ngoma za kwao na kufundishwa kurusha mikuki, huku wazee wakialikwa shuleni kufundisha mila. Ikumbukwe kwamba ni mwaka 1891 tu, pale Lugalo, ambapo mashujaa wa Mkwawa walimwua kamanda wa Kijerumani, Zelewski, na kuangamiza sehemu kubwa ya kikosi chake. Miaka 37 baadaye mkuki ukawa zoezi la shule chini ya mkoloni mwingine. Sina sababu ya kutilia shaka nia njema ya Mumford. Hata hivyo, mila hizo zilichaguliwa na mtawala, naye hakuchagua zile zilizomfundisha kijana kumhoji mtawala, wakati njia ya kufika Makerere au kupata kazi yenye mshahara mzuri ilipita kwenye Kiingereza.

Wakati huohuo shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mjini Iringa ilijengwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko hakuna aliyependekeza kwamba watoto wafundishwe michezo ya vita ya mababu zao wa Kiingereza.

Ubaguzi huo ulifutwa kisheria baada ya Uhuru, na sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali. Katikati, mwaka 1967, lilitoka tamko la Elimu ya Kujitegemea, lililosisitiza kuwa shamba ni sehemu ya masomo. Tofauti ya msingi ipo: mkoloni alimfunza Mwafrika kilimo ili abaki katika kabila lake, ilhali tamko la 1967 lilikusudia kufuta matabaka kati ya waliosoma na wasiosoma. Kwa mzazi aliyemlipia mtoto karo ili aepukane na jembe, tofauti hiyo haikuwa rahisi kuiona.