Mwili Si Adui wa Roho: Dhana Potofu za Wanawake Wakristo Kuhusu Miili Yao

Dhana: Biblia inafundisha kwamba mwili ni adui wa roho

Dhana hii imepata nguvu kwenye lugha yenyewe. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili, *sarx* na *soma*, na Biblia yetu ya Union Version mara nyingi huyaita yote mawili "mwili". Basi anayesoma "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5:19 hudhani tumbo na mapaja yake ndiyo yanayoshtakiwa. Hapo neno ni *sarx*, yaani hali ya mtu kumpinga Mungu, na orodha inayofuata ina uchawi, wivu, hasira na fitina. Mtu mwembamba kabisa anaweza kuwa nayo yote. Mwili unaoitwa hekalu la Roho Mtakatifu katika 1 Wakorintho 6:19 ni *soma*: mwili huuhuu unaotoka jasho na kuchoka.

Mstari huo wa hekalu nao umegeuzwa fimbo ya kupunguzia uzito. Ukisoma kuanzia aya ya 12 utaona Paulo anazungumzia zinaa. Kilo hazimo.

Dhana: Kufunga ni njia takatifu ya kupungua

Ukichanganya maombi na mizani, mizani ndiyo itakayosikilizwa. Kinachopungua siku za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa. Mwili hutumia kwanza akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukirudi kula, maji hurudi, na wengi hudhani wamekosa imani.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula kupita kiasi au kujitapisha, asijinyime chakula bila kuzungumza na daktari. Anaweza kujinyima simu, runinga au ununuzi usio wa lazima, na funga yake haina upungufu wowote.

Hatari nyingine iko kwenye kufungua. Aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila chakula asifungue kwa sahani iliyojaa. Wanga mwingi wa ghafla hushusha madini ya fosfeti na potasiamu katika damu, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Huyo aanze na kiasi kidogo, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Viongozi wa vikundi vya maombi wajue dalili hizi: dada anayefunga kila anapohisi "amekula dhambi", anayeficha chakula, anayezirai, au aliyekosa hedhi miezi 3 bila mimba. Huyo asiongezewe siku za kufunga. Apelekwe kwa daktari.

Dhana: Mazoezi hayana faida, Paulo amesema

1 Timotheo 4:8 husema mazoezi ya mwili yafaa kidogo, yakilinganishwa na utauwa. Kidogo si sifuri. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki: mathalani nusu saa ya kutembea haraka siku 5, kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba pambio. Ongeza siku 2 za kuimarisha misuli, hasa hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza uimara. Anayeanza aanze na dakika 10. Anayefanya mazoezi kama adhabu ya chakula cha jana huwa haendelei nayo muda mrefu.

Dhana: Kujipumzisha ni ubinafsi

Eliya alipoomba kufa (1 Wafalme 19), alilala, akaamshwa na malaika ale na kunywa, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi, hata kama yumo kwenye kamati zote za kanisa.

Dhana: Kujitazama na kuguswa sehemu za siri ni aibu

Aibu hii huchelewesha matibabu. Yajue matiti yako yalivyo kawaida. Siku chache baada ya hedhi, simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kisha uiinue. Papasa kwa vidole bapa kuanzia mtulinga (mfupa ulio kati ya shingo na bega) hadi chini ya titi, na kwapani. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu ni sababu ya kwenda kliniki. Kujichunguza huku hakuchukui nafasi ya vipimo.

Shingo ya kizazi ipimwe HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani yake, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike na shuka la kujifunika.

Na uke usioshwe ndani. Kuosha nje kwa maji kunatosha. Sabuni na manukato huua bakteria wanaoulinda, na maambukizi hufuata.

Dhana: Kuukubali mwili ni kujiachia

Anayeuchukia mwili wake ndiye hukwepa kioo, mizani ya kliniki na daktari. Anza na kabati: toa nguo zote za "nikipungua". Pima upya kifua, kiuno na nyonga kwa utepe, kisha nunua au shonesha kwa vipimo vya leo. Sidiria ikikutosha, vidole viwili hupita chini ya mkanda wake, na mkanda haupandi mgongoni.