Kutoa gia mteremkoni hakuokoi mafuta

Ujumbe ule wa siku nyingi bado unazunguka kwenye magrupu: ukiteremka vilima vya barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani, tia nyutro (yaani toa gia) uokoe mafuta. Kwa gari nyingi za leo si kweli. Ukibaki kwenye gia na kuondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta ya injini hukata mafuta. Ukitoa gia, injini inakunywa ili isizimike. Gari yako ikiwa inaonesha ulaji wa papo hapo, tazama mwenyewe: kwenye gia hushuka hadi sifuri.

Kinachochanganya ni mlio wa injini kutulia, pamoja na mazoea ya enzi za kabureta, kifaa cha gari za zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. La hatari zaidi, ukitoa gia kazi yote inabaki kwa breki, na daladala iliyojaa watu huzichemsha hadi zikagoma. Tafadhalini, ujumbe ule wa nyutro msiusambaze.