Je, wajua kwa nini kupandisha kasi ya prosesa kwa mkono kunaweza kuipunguza kompyuta mwendo?

Ukiingia kwenye BIOS ya kompyuta ya mezani, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mfumo haujawaka, utakuta mahali pa kizidisho pameandikwa "Auto". Futa, andika 45, hifadhi, washa upya. Sasa viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazochakata kazi kila moja kivyake, vinakwenda GHz 4.5. Hesabu yenyewe ni nyepesi: saa ya msingi, yaani mapigo yanayoiongoza prosesa, hupiga MHz 100, ukizidisha mara 45 unapata MHz 4,500. Programu ya kupima nguvu inakupa alama za juu kuliko jana, unafurahi. Kisha unafungua kivinjari, au gemu la zamani linalotegemea kiini kimoja, na mwendo umepungua. Kulikoni?

Chukua Ryzen 9 5950X ya AMD, iliyotoka mwaka 2020. Ina viini 16. Kasi yake ya msingi ni GHz 3.4, lakini ikijiendesha yenyewe huweza kufika GHz 4.9 pale kazi inapokuwa ya kiini kimoja au viwili. Viini vyote vikibanwa kwa pamoja, hushuka chini ya GHz 4.5. Kwa hiyo ukiifunga kwenye 4.5 umepata faida kwenye kazi nzito ya viini vyote, na kwenye kazi nyepesi umejinyima karibu asilimia 8 ya kilele. Na kazi nyingi za kila siku, kama kufungua programu au kupakia ukurasa, ni za namna hiyo ya pili.

Mfumo otomatiki unaweza kufika huko kwa sababu una vipimo vya joto, umeme na mzigo ndani ya prosesa yenyewe, na huvisoma mara nyingi mno kwa sekunde. Kiini kimoja kikifanya kazi huku 15 vimepumzika, umeme na nafasi ya joto vimebaki, basi kile kimoja kinapewa. Mzigo ukienea, kila kiini kinarudishwa chini kidogo. Wewe uliyeandika 45 umechagua namba moja ya kutumika katika hali zote, na namba hiyo haiwezi kupita ile ambayo kiini dhaifu kuliko vyote kinaimudu. Viini vya prosesa moja havilingani ubora kikamilifu.

Joto nalo lina hesabu isiyosamehe. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Ongeza kasi asilimia 10, na ili isigande uongeze volteji asilimia 10 vilevile: umeme umepanda kwa takriban asilimia 33. Ndiyo maana GHz 0.2 za mwisho ndizo zinazofanya feni ipige kelele.

Imani kwamba mkono hushinda haikuzuka hewani. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A ya MHz 300. Kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5, lakini ukipandisha saa ya ubao mama (bodi kuu inayobeba prosesa) kutoka MHz 66 hadi 100, nyingi kati yake zilikwenda MHz 450 bila kulalamika. Nusu nzima ya kasi, bure! Kiwanda kilikuwa kimeacha akiba kubwa. Mwaka 2008 Intel ikaleta Turbo Boost kwenye Core i7, na tangu hapo kiwanda chenyewe ndicho kinachoitumia akiba hiyo. Mkono umebakiziwa makombo.

Kuna mtego mmoja unaonasa wengi: kuandika kasi kwa mkono na kuacha volteji kwenye "Auto". Mara nyingi ubao mama, kwa kuogopa kompyuta isigande, humimina volteji kupita inayohitajika. Mchanganyiko huo wa nusu kwa nusu, kwa maoni yangu, ni mbaya kuliko kuacha vyote au kushika vyote.

Wala otomatiki si malaika. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volteji ya juu kupita kiasi, baadhi zikachakaa na kuanza kuzimisha programu. Ikatoa marekebisho ya mikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa yenyewe, na kurefusha dhamana kwa miaka miwili. Mwenye moja ya hizo asasishe BIOS kwanza, mengine baadaye.

Kufunga kasi kunafaa pale mtu anapotaka vipimo vinavyorudiwa bila kuyumba, au mashine inapochakata video usiku kucha kwa viini vyote na kipozaji kinatosha. Kwa wengine, njia ninayoipenda ni ya kinyume: iache kasi ijiendeshe, wewe punguza volteji kidogo kidogo. Joto likishuka, prosesa huona nafasi imepatikana na kupanda yenyewe. Kisha ipe mzigo mzito kwa saa kadhaa, lakini pia iache ikae bure, maana volteji ndogo mno mara nyingi hujifichua kompyuta ikiwa imetulia, si ikiwa inatoka jasho.

Kwenye kompyuta ndogo za kubeba swali hili kwa kawaida halipo, kizidisho kimefungwa. Kwa Intel za mezani, tafuta herufi K mwishoni mwa jina, ndiyo alama ya kizidisho kisichofungwa.