Je, wajua kwa nini hospitali za Uingereza huitafuta damu ya Waafrika?

Swali hili huwaudhi baadhi ya watu. Si tunaambiwa damu zote ni nyekundu? Ni kweli. Hata hivyo, huduma ya damu ya Uingereza huwaomba hasa watu wenye asili ya Afrika na Karibi wajitokeze kuchangia, na sababu iko maabara.

Tuanze na mgonjwa. England ina watu zaidi ya 15,000 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huu. Wengi wao mno wana asili ya Afrika au Karibi. Aliye katika hali ngumu, kwa mfano mtoto aliyewahi kupata kiharusi, hubadilishiwa damu: anakaa kitini saa mbili au zaidi, sindano mkono huu na mkono huu, mashine inachuja seli zake zilizopinda, inamrudishia plazma yake, yaani maji ya damu, pamoja na seli za wachangiaji. Kikao kimoja huweza kumaliza pakiti sita hadi kumi. Baada ya wiki kadhaa anarudi tena, mwaka baada ya mwaka. Piga hesabu mwenyewe ni watu wangapi wanaombeba mgonjwa mmoja.

Sisi tukiulizwa kundi la damu hujibu "O chanya" tukadhani habari imeishia hapo. A, B, AB na O, pamoja na ule uchanya na uhasi, ni mwanzo tu. Juu ya seli nyekundu kuna mamia ya alama nyingine ziitwazo antijeni, na kila mtu huzirithi kwa baba na mama. Aliyeongezewa damu mara moja maishani baada ya ajali huenda zisimsumbue kamwe. Mwili unaopokea seli za wageni kila mwezi ndio unaoanza kuzikagua. Ukikuta alama usiyoijua, unatengeneza kingamwili, yaani protini za kuishambulia. Safari nyingine, siku chache baada ya kuongezewa, seli ngeni zinavunjwa: macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, wekundu wa damu unashuka, wakati mwingine hata chini ya pale ulipokuwa kabla ya matibabu.

Mwaka 1990 madaktari wa California walichapisha utafiti juu ya wagonjwa weusi 107 wa selimundu waliokuwa wakiongezewa damu. Asilimia 30 walikuwa wamejenga kingamwili. Kwa wagonjwa wasio weusi waliokuwa wakiongezewa damu kwa sababu nyingine, ilikuwa asilimia 5 tu. Wachangiaji wa damu hiyo wengi mno walikuwa Wazungu.

Aina ya damu inayotafutwa sana sasa huko Uingereza inaitwa Ro. Mwenye Ro ana antijeni D, ile inayomfanya aitwe chanya, lakini hana antijeni nyingine mbili, C kubwa wala E kubwa. Kwa wachangiaji weusi hupatikana kwa takriban nusu yao. Kwa wachangiaji wote wa kawaida ni kama asilimia 2. Ro ikikosekana benki ya damu, mgonjwa hupewa damu hasi, maana nayo kwa kawaida haina C wala E. Itamfaa, ila damu hiyo hiyo, hasa O hasi, ndiyo inayokimbiliwa mjamzito anapovuja damu, au mtu anapogongwa barabarani na hakuna muda wa kupima kundi. Kwa hiyo uhaba wa wachangiaji weusi humfikia hata Mzungu asiyejua selimundu ni nini.

Kwa nini damu zetu zikatofautiana hivi? Katika baadhi ya alama, malaria ina mkono wake. Ipo antijeni iitwayo Duffy, iliyogunduliwa 1950. Waafrika wengi hawana kabisa kwenye seli zao nyekundu. Vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia kama mlango, na mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba asiye na mlango huo haingiliwi kirahisi. Selimundu yenyewe ilifumbuliwa huku kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akaona kinasaba chake kimejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni haba. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayekirithi kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayekirithi pande zote mbili ndiye anayeumwa.

Mwenye kumbukumbu atasema: hii si ile ile ya Marekani? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikataa kwanza damu ya weusi, kisha mwaka 1942 ukaipokea na kuitenga, eti isimguse askari Mzungu. Wakati huohuo, daktari aliyeongoza mradi wa 1940 wa kupeleka plazma Uingereza, Charles Drew, alikuwa mweusi. Kutenga huko hakukuwa na kipimo chochote nyuma yake, kulikomeshwa 1950. Leo pakiti hupimwa antijeni zake, na Mzungu mwenye Ro anakaribishwa vilevile. Asili ya mtu huonyesha tu pa kuanza kutafuta.

Wachangiaji weusi wamebaki wachache, na si kwa uvivu. Hadi 2021, England ilimwekea muda wa kusubiri mtu ambaye mwenzi wake alitoka sehemu za Afrika zenye VVU vingi. Sharti hilo likaondolewa. La malaria lipo bado: anayerudi kutoka likizo Mombasa au Mwanza husubiri miezi kadhaa na huenda akapimwa kwanza. Kwa watu wetu wanaorudi nyumbani kila Krismasi, sehemu kubwa ya mwaka imeshaondoka hapo.

Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu anaruhusiwa kuchangia Uingereza. Damu yake haipelekwi kwa wagonjwa wa selimundu, lakini wengine huwafaa. Wagonjwa nao, tangu Januari 2024, wameanza kupimwa vinasaba vya makundi ya damu huko England, ili kila mmoja atafutiwe pakiti inayomkaribia zaidi kabla mwili wake haujaanza kuikataa.