Nyumba ya Karen Blixen: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wageni wengi wanaofika katika Makumbusho ya Karen Blixen, jijini Nairobi, huamini kwamba wanaingia katika nyumba waliyoiona kwenye filamu ya mwaka 1985, Out of Africa. Sivyo. Maisha ya nyumbani ya Karen, mwandishi kutoka Denmark, yaliigizwa katika nyumba ya Mbagathi, ambako yeye na mumewe, Bror, walikaa kabla ya kuhamia hapa mwaka 1917. Mkanganyiko huo umeongezwa na samani zenyewe, kwa kuwa Karen alipofilisika na kurejea Denmark mwaka 1931 aliuza sehemu kubwa ya vitu vyake. Vichache alivyonunua Lady McMillan, mlowezi tajiri, vilirudishwa baadaye, ilhali vingine vinavyoonekana leo vilitolewa na watengenezaji wa filamu. Anayesimama mbele ya kiti au kabati humo ndani anastahili kuuliza ni cha nani.

Wala si Karen na Bror walioijenga nyumba hii: kuta zake za mawe zilisimamishwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren. Tena, ingawa Karen alianza kutunga hadithi akiwa shambani, kitabu kilichoitangaza nyumba hii duniani, Out of Africa, alikiandika akiwa Denmark na kikachapishwa mwaka 1937.

Husemwa pia kwamba shamba la kahawa lilikufa kwa sababu mwanamke hakuweza kulisimamia. Dhana hiyo haimtendei haki. Ardhi ile iko juu mno kwa kahawa, ukame ulirudi mara kwa mara, kiwanda kiliteketea kwa moto, na hatimaye bei ikaporomoka.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya kwamba hapa palikuwa pori tupu lililongoja mlowezi. Serikali ya kikoloni iliitwaa ardhi hiyo na kuwagawia Wazungu, huku Wakikuyu wakibaki juu yake kama maskwota, wakilipia ukaaji wao kwa siku za kazi. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuhama, na Karen alitumia miezi yake ya mwisho akizunguka katika ofisi za serikali kuomba wapewe mahali pa kuishi pamoja, ombi ambalo hatimaye lilikubaliwa.

Nyumba nayo haikugeuzwa makumbusho mara moja. Denmark iliikabidhi kwa Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru, ikatumiwa na chuo cha lishe, na milango ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1986.